Fungu Moja Katika Kumi na Mawili

Aunsi, wakia na inchi ni neno moja. Asili yake ni uncia, neno la Kilatini lililomaanisha fungu moja katika mafungu kumi na mawili ya kitu kizima, na limeingia katika Kiswahili mara tatu, kila mara kwa mlango wake. Wakia ililetwa na Waarabu katika miji ya Pwani. Aunsi na inchi zilikuja na Waingereza, ila katika Kiingereza chenyewe zilikuwa zimekwisha kuachana kwa zaidi ya miaka elfu moja, hata wenye lugha hawakumbuki kuwa ni ndugu. Mjini Kakamega wawili kati ya ndugu hao watatu wako kazini kila siku. Kwenye yadi za mbao na maduka ya vifaa vya ujenzi inchi hutajwa kutwa nzima. Na kusini mwa mji, katika machimbo ya dhahabu ya Ikolomani, aunsi ndiyo inayoamua mchimbaji atakwenda nyumbani na shilingi ngapi, ingawa mizani iliyo mbele yake husoma gramu.

Waroma walilijenga neno hilo juu ya unus, yaani moja. Uncia haikuwa uzito wala urefu. Ilikuwa sehemu tu, na mtu alipaswa kujua ni sehemu ya nini. Ratili ya Kiroma, libra, ilikuwa na uzito wa gramu 327 hivi, kwa hiyo uncia yake ilikuwa gramu 27 na kidogo. Futi ya Kiroma ilikuwa na urefu wa sentimita 29.6, na uncia yake ikawa chini kidogo ya sentimita mbili na nusu. Hata urithi uligawanywa vivyo hivyo. Mali yote ya marehemu ilihesabiwa kuwa kitu kimoja kizima chenye uncia kumi na mbili, na wosia ukaandikwa kwamba fulani apate uncia tatu, fulani uncia tano, na wajane au watoto wagawane zilizobaki. Nyumba, mashamba na mifugo viliingia humo vyote bila mtu kuvipima kwa mizani.

Kumi na mbili ilipendwa kwa sababu inagawanyika bila kuleta ugomvi. Ina nusu kamili, theluthi kamili, robo kamili na sudusi kamili. Kumi haina hata theluthi; ndugu watatu wakigawana vitu kumi, kimoja lazima kikatwe vipande. Kabla ya desimali kuwa jambo la kawaida, mfanyabiashara aliyefanya hesabu kichwani alihitaji namba inayokatika kwa urahisi, na ile ya Waroma ilikatika.

Jambo hili la sehemu ambayo kizima chake hakitajwi si geni kwa yeyote aliyewahi kutumwa dukani. Mtoto wa Kakamega akiingia dukani na kusema, “Nipe robo ya sukari,” anapata gramu 250. Akisema robo ya mafuta ya kupikia au robo ya maziwa, anapata mililita 250. Hataji kilo wala lita, na mwenye duka haulizi. Robo ni neno la Kiarabu la sehemu moja katika nne, lakini dukani limegeuka kuwa jina la kiasi maalumu, kitu cha kufungwa kwenye karatasi na kubebwa. Thumni ilikwenda mbali zaidi. Maana yake ni sehemu moja katika nane, ila kwa Wakenya wa rika fulani thumni, au sumni, ni sarafu ya senti 50, na nusu shilingi si sehemu ya nane ya shilingi. Jina lilishikamana na sarafu, hesabu iliyolizaa ikasahaulika. Safari ya uncia ilikuwa hiyohiyo, isipokuwa ilichukua miaka elfu mbili na kupita mabara matatu.

Dola la Roma lilipovunjika upande wa magharibi, neno lilibaki katika kila soko lililokuwa chini yake. Wafaransa husema once, Wahispania onza, Wareno onça, Waitalia oncia, Wajerumani Unze. Waslavi wa mashariki na wa magharibi nao walilichukua: Warusi wana untsiya, Wapoland uncja. Herufi oz zinazoandikwa leo kwenye chupa za watoto wachanga na kwenye habari za bei ya dhahabu si za Kiingereza hata kidogo, maana neno la Kiingereza halina z. Ni mkato wa makarani wa Italia ya zama za kati, waliokuwa wakiandika onza kwa haraka katika vitabu vyao vya hesabu.

Jina lilienea, kipimo hakikuenea nalo. Kila mfalme na kila mji wenye soko kubwa ulikuwa na ratili yake, na kwa hiyo aunsi yake. Hali hiyo itaeleweka mara moja na mtu aliyenunua mahindi kwa gorogoro katika soko moja, kisha akaenda soko la pili akakuta mkebe ambao kitako chake kimegongwa kikaingia ndani. Jina la kipimo ni lilelile, mahindi si yaleyale. Aunsi ya Paris ilikaribia gramu 30.6, ya Ureno haikufika 29. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya Ulaya iliacha hesabu ya kumi na mbili. Ratili ya Paris ikagawanywa mara kumi na sita, na ya Kiingereza ya kupimia bidhaa za kawaida ikafanywa vivyo hivyo. Neno lenye maana ya fungu moja katika kumi na mawili likawa jina la fungu moja katika kumi na sita, na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa hapakuwa na mtu sokoni aliyelisikia tena kama hesabu.

Waholanzi walilivuta mbali kuliko wote. Walipoingia katika mfumo wa meta mwaka 1820, hawakutaka kuwatwika wananchi majina mapya ya kigeni, kwa hiyo waliyachukua majina ya zamani na kuyapa uzito mpya. Ons, ambalo ndilo aunsi yao, likawa gramu 100 kamili. Sheria ile imekwisha kupita, lakini mazoea yamebaki. Mtu akienda leo katika soko la Amsterdam na kuomba ons mbili za jibini, atapimiwa gramu 200. Mwingereza jirani yake, akiomba aunsi mbili kwa neno lililotoka tumbo moja na hilo, hatafikisha hata gramu 60. Wafaransa nao waliacha kupima kwa once wakaibakiza katika maneno ya kukanusha. Mtu ambaye hana once ya huruma ni yule ambaye Kiswahili kingesema hana hata chembe.

Mtego mmoja hapa unafaa kuepukwa. Kwa Kireno onça ni pia jina la chui mkubwa wa Amerika Kusini, na mnyama huyo yumo kwenye noti ya Brazil ya reais 50. Hana uhusiano wowote na mizani. Jina lake linatokana na neno la Kigiriki la mnyama wa jamii ya paka, na herufi ya l iliyokuwa mwanzoni ilidondoka kwa kudhaniwa kuwa sehemu ya kibainishi. Kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi wa undugu, na mtafiti wa maneno asiyeliangalia hilo hupotea mapema.

Uingereza ilibaki na aunsi mbili kwa wakati mmoja, na bado inazo. Ya kwanza ni ya bidhaa za kawaida: gramu 28.35, na kumi na sita zake hufanya pauni ya gramu 453.6. Ya pili ni ya dhahabu, fedha na platini, inayoitwa aunsi ya troi, jina ambalo wengi hulihusisha na mji wa Troyes huko Ufaransa, uliokuwa na maonyesho makubwa ya biashara katika zama za kati. Hiyo ina gramu 31.1035, na pauni yake ilikuwa na aunsi kumi na mbili, kama ya Waroma. Henry VIII aliifanya kuwa kipimo rasmi cha madini ya thamani mwaka 1527. Pauni ya troi iliondolewa kisheria mwaka 1878, lakini aunsi yake ikaachwa, na ndiyo inayotawala masoko ya dhahabu duniani hadi leo. Matokeo yake ni hesabu inayowachanganya hata watu waliosoma. Aunsi ya dhahabu ni nzito kuliko aunsi ya pamba, lakini pauni ya dhahabu, ilipokuwapo, ilikuwa nyepesi kuliko pauni ya pamba: gramu 373 dhidi ya 454.

Inchi ilitoka katika kizima kingine, futi. Wasemaji wa Kiingereza cha kale waliikopa uncia ya urefu mapema sana, wakaitamka ynce, na sauti zake zikabadilika pamoja na maneno yao wenyewe hadi haikutambulika. Ile ya uzito waliikopa tena baadaye kutoka kwa Wafaransa walioitawala nchi yao, na kwa kuwa ilikuja imechelewa, ilibaki na sura yake ya Kifaransa. Katika hili Kiingereza ni kama peke yake. Wafaransa wanaiita inchi pouce, Waitalia pollice, Wahispania pulgada, na yote hayo yanatokana na kidole gumba. Waholanzi wanasema duim na Waswidi tum, gumba tena. Ulaya iliyobaki iliutazama upana wa kidole cha fundi. Waingereza waliishika sehemu ya kumi na mbili ya futi.

Kwa njia hiyo Kakamega inapima mbao kwa Kilatini. Katika yadi za mjini mbao huitwa kwa unene na upana wake: mbili kwa nne, sita kwa moja, tatu kwa mbili. Neno inchi halihitajiki hata kutamkwa, kwa kuwa hakuna anayedhani ni sentimita, na urefu huuzwa kwa futi. Msumari ni wa inchi nne au tatu, paipu ya maji ni ya nusu inchi au robo tatu, gurudumu la baiskeli kubwa nyeusi ni la inchi 28, na televisheni ni ya inchi 32 ikipimwa kutoka pembe hadi pembe. Tepu ya fundi ina kingo mbili, moja ya sentimita na moja ya inchi, na anayechora ramani jijini huandika milimita. Fundi aliyeinama juu ya mbao ya saiprasi, kalamu ya risasi sikioni, huigeuza milimita kuwa inchi kichwani kabla ya kuweka alama. Ukingo wa inchi ndio unaochakaa kwanza. Inchi anayoisoma iliwekwa kuwa milimita 25.4 kamili mwaka 1959, kwa mapatano ya nchi zilizozungumza Kiingereza, kwani hadi wakati huo inchi ya Marekani na ya Uingereza zilipishana kidogo sana, kiasi ambacho seremala hakioni lakini mtengenezaji wa injini hukiona. Mbao ikipigwa randa hupungua, na mbili kwa nne iliyolainishwa haifiki mbili wala nne. Mnunuzi anayeijua kazi huuliza kabla ya kulipa ikiwa vipimo ni vya kabla ya randa au baada yake.

Mlango wa tatu ulikuwa mashariki. Wagiriki walilichukua neno la Kilatini wakalitamka ounkia. Kutoka kwao likaingia katika Kisiria cha Shamu, kisha katika Kiarabu, ambako likawa uqiya. Waarabu wa wakati wa Mtume walihesabu uqiya moja ya fedha kuwa dirhamu 40, na hesabu hiyo ilipata uzito wa kisheria usiofutika: nisabu, yaani kiwango cha chini, ya zaka ya fedha ni uqiya tano, au dirhamu 200. Dirhamu nayo ni neno la Kigiriki, drakma, kwa hiyo Mwislamu anayejifunza fikihi ya zaka anashika mkononi maneno mawili ya masoko ya Ugiriki na Roma, yaliyotakaswa na matumizi.

Kiarabu kilipelekwa na biashara na dini, na wakia ikaenda nacho. Waethiopia wanapima dhahabu kwa weket. Waturuki waliligeuza kuwa okka, kipimo cha dirhamu 400 kilichokaribia kilo 1.3, zaidi ya mara arobaini ya uncia ya mwanzo. Wagiriki, ambao mababu zao ndio waliolipeleka neno mashariki, walilipokea upya kutoka kwa Waturuki kama oka na kuuziana mafuta na zeituni kwa kipimo hicho hadi mwaka 1959. Mauritania ilipoanzisha fedha yake mwaka 1973 iliiita ugiya, neno hilohilo, na kuigawanya katika khumsi tano badala ya senti mia.

Unguja na Pwani walikuwa na wakia iliyofungamana na sarafu. Edward Steere, aliyechapa mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, alieleza mpango ulioanza na dola ya fedha. Hiyo ilikuwa ile sarafu ya Austria yenye sura ya Maria Theresa na mwaka 1780, ambayo iliendelea kupigwa kwa mwaka huohuo vizazi vingi baada ya malkia kufa. Uzito wake, gramu 28 na kidogo, ulikuwa wakia moja. Wakia 16 zilifanya ratili, ratili tatu zilifanya mani, na mani 12 zilifanya frasila, kiasi cha kilo 16, kipimo cha karafuu na pembe za ndovu. Mpango huu una ustadi wake. Mfanyabiashara asiye na mawe ya mizani angeweza kupima kwa fedha aliyokuwa nayo mfukoni, na hakuna mtu ambaye angediriki kuipunguza sarafu kwa tupa, kwa kuwa kila mkono uliozoea ungeitambua.

Ratili yenyewe ina kisa cha kufanana. Ni litra ya Kigiriki, jina la uzito wa ratili moja, iliyopinduliwa herufi zake ilipopita katika lugha za Shamu. Kwa upande wa pili litra hiyohiyo ilikwenda Ufaransa, ikawa jina la kipimo cha ujazo, na mwaka 1795 ikafanywa litre katika mfumo mpya wa meta. Kwa hiyo ratili na lita, ambazo hakuna Mswahili angezifikiria kuwa pacha, zilizaliwa na neno moja, kama wakia na inchi.

Wakia haikufika Kakamega kama kipimo cha kila siku. Mumias, makao ya Nabongo Mumia wa Wanga, ilikuwa kituo cha misafara ya Waswahili na Waarabu katika karne ya 19, na huko frasila ilijulikana kwa ajili ya pembe. Lakini dhahabu ilipoonekana, ilikuta utawala wa Kiingereza umekwisha kukaa, na makao yake ya wilaya yamekwisha kuhamishiwa Kakamega. Kwa hiyo dhahabu ya Waluhya ilihesabiwa kwa aunsi tangu siku ya kwanza.

Mwaka huo wa kwanza ulikuwa 1931, na aunsi ina sehemu katika kueleza kwa nini ulikuwa mwaka huo. Hadi Septemba 1931 Benki ya Uingereza ilinunua aunsi ya dhahabu safi kwa bei isiyobadilika ya shilingi 85 hivi. Tarehe 21 mwezi huo Uingereza iliiachilia pauni yake isifungwe tena na dhahabu. Pauni ikashuka, na kwa kuwa shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa imefungwa na pauni, aunsi moja ikawa inaleta shilingi nyingi zaidi kila mwaka. Kufikia 1935 ilikaribia 140. Wakati huohuo mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umeiangusha bei ya mahindi, na walowezi wa Uasin Gishu na Trans Nzoia hawakuweza kulipa madeni yao. Mmarekani mmoja kati yao, L. A. Johnson, alikwenda Kakamega kutafuta dhahabu akaipata. Mwaka 1932 mamia ya wazungu walikuwa wamepiga mahema kando ya mito katika maeneo ya Isukha na Idakho, wakiosha mchanga kwa karai.

Ardhi hiyo ilikuwa ya watu. Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba kipande chochote kitakachochukuliwa kutoka katika hifadhi yao kitalipwa kwa kipande kingine cha ardhi. Desemba 1932 sheria ilibadilishwa ili machimbo yachukue ardhi bila kurudisha ardhi, kwa fidia ya fedha tu. Ahadi iliyodumu miaka miwili ilivunjwa kwa ajili ya dhahabu, na jambo hilo lilizua mjadala mkali hata katika bunge la London. Kampuni zilifuata watafutaji wa mmojammoja, na kubwa kuliko zote mjini ilikuwa Rosterman, iliyochimba chini ya ardhi hadi mwaka 1952. Mgodi ulifungwa, jina likabaki kuwa la mtaa. Kwa Ikolomani, wenyeji wengi hueleza kwamba jina lenyewe ni maneno ya Kiingereza yenye maana ya mgodi wa dhahabu, yaliyolainishwa na ulimi wa Kiluhya. Kama aunsi ilivyogeuzwa kila ilipopita, ndivyo na jina la mahali dhahabu inapochimbwa.

Kampuni zilipoondoka, wenyeji waliendelea. Wanaume hushuka mashimoni kwa kamba na kupandisha mawe. Wanawake, wengine wakiwa na watoto mgongoni, huyaponda na kuyaosha. Unga wa mwamba hupitishwa na maji juu ya magunia yaliyotandazwa kwenye mteremko wa mbao, na mchanga mzito unaobaki humo hukorogwa kwa zebaki ndani ya karai. Zebaki huishika dhahabu, ikawa donge la kijivu linalokamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa kwenye moto. Moshi wake ni sumu ya ubongo na figo, na mara nyingi huchomwa karibu na jiko la nyumbani. Kinachobaki ni chembe ya manjano, yenye vinyweleo kama sifongo, ndogo kuliko punje ya mtama.

Chembe hiyo huwekwa kwenye mizani ndogo ya betri inayolingana na simu. Mizani husoma gramu na sehemu moja ya kumi ya gramu, na sehemu hiyo ya kumi ndiyo inayoitwa pointi. Wachimbaji huuziana kwa pointi. Mtu akisema leo amepata pointi nne, ana gramu 0.4. Lakini pointi haina bei yake yenyewe. Bei huwekwa London kwa dola, kwa aunsi ya troi, na mnunuzi wa kijijini hushuka nayo ngazi kwa ngazi. Tuseme aunsi ni dola 3,110. Ukigawanya kwa 31.1, gramu moja ya dhahabu safi ni dola 100, na pointi ni dola 10. Kisha huondolewa kasoro ya usafi, kwa kuwa dhahabu iliyotoka katika mwamba huwa na fedha ndani yake, na baada ya hapo faida ya kila mkono unaoipokea hadi Nairobi. Dhahabu ikifika Dubai inaweza kuyeyushwa kuwa vipande vya tola kumi, kwa kipimo cha Kihindi: gramu 116.6, au aunsi tatu na robo tatu. Masonara wa Mombasa na Unguja wanaijua tola vizuri kuliko aunsi.

Aunsi moja ina pointi 311. Namba hiyo inastahili kukaririwa na kila mchimbaji, kwa sababu hasara huingia mahali aunsi mbili zinapochanganywa. Kikokotoo cha simu kikiulizwa aunsi ni gramu ngapi, mara nyingi hujibu 28.35, aunsi ya bidhaa za kawaida. Mwenye gramu 28.35 za dhahabu akiamini ana aunsi nzima, ukweli ni kwamba ana asilimia 91 tu ya aunsi inayotajwa katika habari za bei. Mnunuzi mwaminifu atamlipa kwa asilimia hiyo, naye ataondoka akidhani ameibiwa. Asiye mwaminifu hutegemea mkanganyiko huohuo kuficha wizi wa kweli. Kinga ni kuuliza bei ya gramu, au ya pointi, na kufanya hesabu ya 31.1 kabla ya kufika mezani.

Aunsi ya kampuni ni ya namna nyingine tena. Kampuni ya Shanta Gold, iliyonunua mradi wa dhahabu wa magharibi mwa Kenya kutoka kwa Barrick mwaka 2020, imetangaza makadirio ya zaidi ya aunsi milioni 1 katika eneo hilo, na wakazi wa Isulu na Bushiangala wamekuwa wakibishana juu ya ardhi, makaburi na fidia, mambo yaleyale yaliyobishaniwa mwaka 1932. Aunsi milioni 1 ni zaidi ya tani 31 za dhahabu. Hakuna mizani iliyozipima. Mitambo huchoronga mashimo membamba, hutoa vipande vya mwamba mfano wa vijiti virefu, maabara hupima kila kipande kina gramu ngapi za dhahabu kwa kila tani ya mawe, na wanajiolojia hukadiria umbo la mwamba ulio kati ya shimo na shimo. Gramu kwa tani huzidishwa kwa tani, jumla hugawanywa kwa 31.1035, na jibu huandikwa kwa aunsi kwa sababu wawekezaji wamezoea kusoma hivyo. Sehemu ya dhahabu hiyo haitatoka kamwe, kwa kuwa hakuna mtambo unaokamua mwamba hadi chembe ya mwisho.